Mgonjwa akipona mteja kaondoka: kisa cha kliniki ya mtu mmoja na nusu

Leo nina kisa kimoja tu na nitakaa nacho mpaka kiishe. Ni kliniki ndogo ya tiba mbadala, na nikisema ndogo namaanisha ndogo kweli, vitanda viwili, wafanyakazi mmoja na nusu, yani mwenyewe ambaye ndo meneja ndo tabibu ndo mfagiaji, plus dada wa mapokezi anayekuja nusu siku. Anafanya akupancha (ile tiba ya kuchoma sindano nyembamba), masaji, na dawa za mitishamba kidogo za kwenye chupa. Mi ni mtu wa vitabu, nawasaidia wenye biashara ndogo ndogo kufunga hesabu za mwaka, kwaiyo niliingia pale kwa ajili ya namba sio kwa ajili ya mgongo wangu (ingawa nao una kesi yake, siku nyingine). Jina na mahali naacha, na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili mwenyewe asijulikane.

Aliniita kwa sababu chumba cha pembeni kilikuwa kimebaki wazi na mwenye nyumba anataka jibu haraka. Ndugu, marafiki, wateja, wote wimbo mmoja: chukua, weka tabibu wa pili, panua. Yeye moyo hautaki na hawezi kueleza kwa nini hautaki, mpaka akaanza kujiona mvivu. Sasa akanisukumia lile daftari kubwa akaniambia, "Kaka we angalia humo uniambie, nimefanikiwa au sijafanikiwa?"

Nikamwambia dada yangu hilo daftari haliwezi kujibu kabla wewe hujaniambia kufanikiwa kwako ni nini. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani nimemuudhi, afu akasema maneno matano: "Watu wapone, kodi ilipwe, nilale."

Mi nimeshasikia majibu ya kila aina kwa watu wa fani hii. Yuko aliyeniambia mafanikio ni kuwa na wafuasi wengi mtandaoni, yuko anayehesabu chupa alizouza, mwingine anataka tu asirudi kuajiriwa. Hili la maneno matano ndo jibu bora nililowahi kupewa. Shida ikaja tulipoanza kulipima neno kwa neno, maana kati ya vitu vitatu alivyotaja, hakuna hata kimoja alichokuwa anakipima kweli.

Kwanza niseme kwa nini sikumcheka. Umoja wa Ulaya tangu 2003 unaita biashara ndogo kabisa ile yenye watu chini ya 10 na mauzo ya mwaka yasiyozidi euro milioni 2, sasa humo ndani wanachanganywa mtu wa vitanda viwili na kampuni ya watu tisa yenye magari, afu wote wanapimwa kwa rula moja, umeajiri wangapi, umekua asilimia ngapi. Mtu asiyetaka kukua anaonekana amefeli. Kumbe Herbert Simon, yule aliyepewa Nobel ya uchumi 1978, alishaandika 1956 kwamba viumbe kwa kawaida hawasaki kilicho bora kupita vyote, wanatafuta kinachotosha wanasonga mbele. Kwetu tuna neno lake kabisa, kutosheka, na wala sio tusi. Kwaiyo kutotaka chumba cha pili peke yake hakunipi wasiwasi.

Tukaanza na kodi kwa sababu ndo rahisi. (Kodi yake ni zote mbili, ya pango na ya serikali, hakutenganisha na mi sikumuuliza.) Sesheni ni saa nzima, ukiweka kubadilisha shuka na kuandika maelezo ni saa na robo, kwaiyo kwa siku anaweza sita bila kuua mtu, kwa wiki 30, na akifanya kazi wiki 46 kwa mwaka zinakuwa 1,380. Hapo ndo dari. Kitanda cha pili kinasaidia kidogo kwenye sindano, maana mtu akishachomwa analala kama dakika 20 hadi 30 na wewe unaweza kuwa na mwingine, lakini kwenye masaji hakuna ujanja, mikono ni miwili. Uhalisia wake ulikuwa wastani wa sesheni 22 kwa wiki. Sio mbaya.

Sasa mtu aliyegonga dari au aliyekaribia ana njia chache za kuongeza hela, apandishe bei, aweke mikono mingine, auze chupa, au auze vifurushi. Mikono mingine inaonekana rahisi ukiwa nje, ila wateja wale hawakuja kliniki, walikuja kwa *yeye*, wanataka mikono ileile na masikio yaleyale. Chupa nazo zina faida nzuri kuliko sesheni, na hapo ndo kliniki nyingi zinageuka duka taratibu bila mwenyewe kujua, ushauri unaanza kufuata kilichopo kwenye shelfu. Yeye hizo mbili alizikwepa. Akaingia kwenye vifurushi.

Kifurushi chake: unalipia sesheni nane unapata kumi, hela yote mbele. Mwezi aliovizindua daftari likapendeza, na kila aliyeliona alimpongeza. Nikamuuliza hizi zilizolipiwa, zipi umeshazifanya? Hakujua. Tukatoa kadi zote za wateja tukazimwaga juu ya kitanda cha masaji, tukahesabu vitobo (anatoboa kadi kila sesheni kwa kile kidude cha karatasi), na tukakuta sesheni 143 zilizolipiwa ambazo bado hajazitoa. Gawa kwa 30. Hata akijaza kila nafasi ya kila siku na asipokee mteja mpya hata mmoja, ni karibu wiki tano za kazi ambayo hela yake ilishaliwa. Kwenye daftari lake zote zilikuwa zimeandikwa mapato. Kihesabu yale ni madeni, mtu aliyekulipa kabla hujamhudumia amekukopesha, basi. Kwaiyo ule mwezi uliopendeza ulikuwa mkopo kutoka kwa wagonjwa wake, na hakuna aliyewaambia kwamba wamekopesha.

Ila hela sio sehemu iliyoniuma. Nilikuwepo siku moja nimekaa pale mapokezi na kompyuta yangu, akatoka jamaa mmoja chumbani, mtu mzima, mgongo ulikuwa umembana. Akainama akafunga kamba za viatu mwenyewe, kiatu cha kushoto, kiatu cha kulia, akasimama anacheka, akasema wiki tatu zilizopita mtoto ndo alikuwa ananifungia hivi. Kadi yake ilikuwa na vitobo vinne. Akauliza kwa upole tu, "Na hizi sita zilizobaki mama tunafanyaje?"

Mama wa watu akaangalia chini. Akamjibu zitunze tu, mgongo ukirudi utazitumia.

Yani mtu amepona na kliniki ikabaki inasubiri augue tena! Na huyu mama ni mwaminifu, simsemi vibaya hata kidogo, lakini karatasi aliyoitunga mwenyewe ilikuwa inamvuta upande wa pili. Neno lake la kwanza lilikuwa watu wapone. Kifurushi kinasema mtu akipona kwenye ya nne mimi nina deni, akiendelea kuumwa mpaka ya kumi tuko sawa. Maana ya mafanikio ya mtu usiitafute kwenye maneno anayosema, itafute kwenye vitu anavyouza na namna anavyolipwa.

Haya, hilo "wapone" lenyewe. Nilimuomba anionyeshe kwamba wanapona, akanionyesha simu: mesej za shukrani, nyingi, nzuri, nyingine ndefu mpaka unatamani na wewe ukachomwe sindano. Akanionyesha na droo ya kadi. Nikamuuliza wanasema wamepona au wanasema wamepata nafuu? Kwa Kiswahili hivo ni vitu viwili tofauti na kila mtu anajua, mgonjwa akiulizwa hali akasema "nina nafuu" hakuna anayemtoa kitandani. Tukapitia kadi zake za maelezo. Karibu kila mahali ameandika nafuu. Kupona kulikuwa kwenye mdomo wake, kwenye karatasi kulikuwa nafuu.

Na nafuu nayo ina mitego. Watu wanakuja kliniki siku maumivu yamefika kileleni, sio siku yametulia, na kitu kilichofika kileleni mara nyingi kinashuka chenyewe, mgongo uliobana ghafla kwa watu wengi unatulia ndani ya wiki chache hata usipoguswa. Sisemi kwamba hafanyi kitu. Majaribio makubwa ya akupancha kwa maumivu sugu yameonyesha waliochomwa wanapata nafuu zaidi ya wasiotibiwa, ila tofauti kati ya sindano za kweli na zile za kuigiza ni ndogo. Kitu kipo, ila sio kikubwa kama zile mesej zinavyokwambia. Afu anayeandika mesej ya shukrani ni yule mwenye furaha, asiye na furaha haandiki, anapotea tu.

Kwaiyo nikasema tuwatafute waliopotea. Hakupenda. Alisema itaonekana kama tunafukuzia wateja, nikamwambia hatuuzi kitu, tunauliza hali. Tukatoa majina 31 ya watu waliokuja mara moja au mbili wakayeyuka, dada wa mapokezi akapiga simu siku mbili mfululizo, 19 wakapokea. Wanane walisema walikuwa sawa hawakuona haja ya kurudi (hao ndo waliopona, na kwenye kichwa chake walikuwa wamehesabiwa kama hasara). Watano hawakuona badiliko wakaenda kwingine. Watatu bei. Wawili muda hauwaruhusu, wanatoka kazini kliniki imefungwa.

Wa 19 alipokea mke wake. Mume yuko hospitali, alikuwa na uvimbe kwenye uti wa mgongo, ameanza matibabu. Alikuja kliniki mara mbili, akalalamika mgongo, hasa usiku, akichomwa anatulia siku moja unarudi. Aliyemlazimisha kwenda hospitali ni binti yake. Mke hakuwa na hasira, alisema asanteni kwa kutukumbuka.

Mama akaenda kwenye kabati akatoa kadi ya yule mzee. Ya sesheni ya kwanza kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, mstari wa tatu: *halali vizuri, amekonda, stresi.*

Maumivu ya mgongo yanayomwamsha mtu usiku, na mtu anakonda bila kujua sababu, ni dalili ambazo kila anayegusa migongo ya watu anatakiwa azijue, na ukiziona unaweka sindano chini unamwambia mtu aende akapimwe. Alikuwa anazijua. Alisoma. Ila fomu yake ilikuwa na maswali ya unaumwa wapi, unaumwaje, umewahi kutibiwa na nani, haina swali la usiku wala la uzito, na siku ile alikuwa na watu saba. Alikaa na ile kadi mkononi, mi nikajifanya nina simu ya kupiga nje.

Ndo maana nakataa watu wanaochukua vipimo vya mafanikio vya saluni au duka la viatu wanavibandika kwenye tiba mbadala. Duka la viatu likifeli linafungwa. Kliniki kama hii inaweza kufeli huku imejaa, kwa kumchelewesha mtu. Ule utafiti maarufu wa Marekani uliotoka kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine 1993 uliuliza watu kuhusu tiba zisizo za kawaida walizotumia mwaka 1990, theluthi moja walikuwa wametumia, na kati ya hao 72% hawakumwambia daktari wao. Maana yake tabibu wa vitanda viwili mara nyingi ndo mtu pekee anayesikia pande zote. Na kwenye saratani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha waliochagua tiba mbadala peke yake na waliopata matibabu ya kawaida, saratani ambazo bado zilikuwa zinatibika, kundi la kwanza hatari ya kufa ilikuwa mara 2.5. Saratani haikubali kusubirishwa mpaka kifurushi kiishe.

Na hapa haki itendeke, kwa sababu kulikuwa na upande wa pili ambao nao haukuandikwa popote. Dada wa mapokezi ndo alinisimulia, mama mwenyewe alikuwa amesahau. Kuna mteja alikuja anataka dawa ya kumtuliza moyo, kuna mchanganyiko wenye hypericum (mmea ambao watu wanautumia kwa huzuni) uko kwenye shelfu, hela mkononi. Mama akamuuliza unakunywa nini hospitali, akasema warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Akamnyima. Alifanya sawa kabisa, hypericum inapunguza nguvu ya warfarin na mtu anaweza kuganda damu, inaharibu pia vidonge vya uzazi wa mpango na dawa kadhaa nyingine. Akamwambia nenda kwanza ukaongee na daktari wako. Yule mtu akaondoka amekasirika na hakurudi. Kwenye daftari siku ile: mauzo ya chini ya wiki. Kwa kipimo chake mwenyewe cha maneno matano ilikuwa siku yake bora ya mwezi na hakuna mstari wa kuiandika.

Kitu kingine nikakiona kwa bahati. Kwenye ile droo ya kadi, chini kabisa, kuna karatasi moja imewekwa plastiki. Barua ya mistari miwili kutoka kwa daktari wa hospitali, "tafadhali muone mgonjwa huyu kwa maumivu ya bega." Ina miaka. Tangazo la Alma-Ata la 1978, la mkutano wa kimataifa wa huduma ya msingi ya afya, lilishawataja waganga wa jadi kwenye huduma ya msingi, lakini tangazo ni tangazo, kwa tabibu wa mtaa kuchukuliwa serious na mtu wa koti jeupe ni kitu cha kuwekea plastiki. Hakulitaja kwenye maneno yake matano, ila ukiniuliza mimi lilikuwa neno la sita.

Tukabaki na "nilale". Mganga hajigangi, walisema wahenga, na huyu kidole gumba cha kulia anakifunga bandeji kila asubuhi kabla ya masaji, mwaka wa pili sasa. Usiku simu iko chini ya mto, mesej zinaingia saa nne, saa tano, mama bega limerudi nifanyeje, anajibu zote. Nikachukua saa zake zote, za kitandani na za kwenye simu na za kufagia, nikazipa mshahara uleule wa kwa saa anaomlipa dada wa mapokezi, sio zaidi. Faida ya mwaka ikaisha yote na ikabaki hasi kidogo. Yani kodi ilikuwa inalipwa kweli, ila inalipwa na usingizi wake. La pili lilikuwa linakula la tatu.

Kwaiyo jibu nililomwandikia halikuwa ndiyo wala hapana. Chumba nilimwambia asichukue, na sio kwa sababu ya uvivu, ni kwa sababu ana deni la sesheni 143, na tabibu mpya angekuja kulilipa hilo deni kwa mikono ambayo wateja hawakuinunua. Vifurushi vya kumi avifute, mtu alipe kila anapokuja, na kwenye ya nne wakae waulizane kuna badiliko au hakuna, kama hakuna amwambie ukweli. Fomu iongezwe maswali ya usiku, uzito, homa, ganzi, mkojo, na dawa zote anazokunywa. Na waliobaki na sesheni huku hawazihitaji warudishiwe hela.

Hilo la mwisho tuligombana. Hela haipo, imeliwa. Tukakubaliana kidogo kidogo, akaanza na yule wa kamba za viatu. Nilikuwepo. Mi nilitegemea jamaa aseme aa mama acha tu, watu huwa wanasema hivo. Hakusema. Alizipokea, akazihesabu mara mbili pale pale mbele yetu, akaweka mfukoni, akaaga.

Mengine hajafanya. Mshahara wake bado hajiandikii, anasema ataona mwakani, na simu bado iko chini ya mto, nimechoka kumwambia. Chumba kimechukuliwa na fundi cherehani, mashine inasikika ukiwa umelala kitandani na sindano zako. Daftari ndo limebadilika, kuna safu mpya upande wa kulia kwa kila aliyeacha kuja: P amepona, N nafuu, H nimempeleka hospitali, S sijui. Dada wa mapokezi anapiga simu kila Ijumaa. Mwezi wa kwanza P zilikuwa sita, N tisa, H mbili. S zilijaza ukurasa.